Sumu kwa Ajili ya Mama

4 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali yako kwa sababu dereva anayetuletea sumu kutoka kwenu ameshaniambia u mzima, unakula vizuri na umefuga ndevu. Naanza na Mama.

Wamepata jina la kinachomla mapafu. Si kifua kikuu kama walivyodhani. Ni fangasi. Ndiyo, ndugu wa yule anayeota kwenye mkate uliosahaulika kabatini, ila huyu ameota ndani ya Mama. Dawa waliyoanza nayo haikumgusa. Sasa wamempa nyingine kali zaidi inayoingia kwa mshipa, na kila ikiingia anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Daktari anasema itamaliza fangasi au itamaliza figo, hajui kipi kitatangulia. Alisema hivyo kwa upole. Nikamjibu asante.

Kazi yetu hapa maabara unaijua. Profesa anatafuta ndani ya sumu za nyoka kitu kinachoweza kuua fangasi, kwa maana dawa zilizopo ni chache na fangasi wameanza kuzizoea. Sumu nyingi tulizojaribu hazikufanya lolote. Nimewaomba hospitali wakanipa fangasi wa Mama mwenyewe, aliyetoka kwenye makohozi yake, nami nimemwotesha kwenye kisahani. Anakua vizuri. Ana rangi ya kijivu na manyoya laini.

Nitumie sumu ya kifutu na ya swila, kila moja peke yake, usichanganye. Iweke kwenye boksi la barafu la wiki hii, na barua uilaze juu kama kawaida, maana huko unakofugia nyoka wako simu haishiki.

Usijenge matumaini. Hata ikiua kwenye kisahani, kutoka hapo hadi kuwa dawa ya mtu ni miaka mingi. Nafanya hivi kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Sijalia bado. Niko kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, najua shavu lipo ila silisikii.

Ukipata nafasi, njoo.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Ndevu ni za muda, na dereva mwambie apunguze umbea, yeye kazi yake ni kubeba boksi.

Barua yako niliisomea mlangoni kwa nyoka, nikajikuta nimekaa chini. Fangasi? Mama huyuhuyu aliyekuwa anatufokea tukilaza taulo mbichi kitandani? Sikuelewa, nikasoma tena, sikuelewa tena, basi nikaenda kukamua.

Kifutu niliyemkamua anaitwa Diwani, kwa sababu amenenepa na hasogei mpaka umkanyage. Nilimshika nyuma ya kichwa, nikamng'atisha plastiki niliyoifunga juu ya glasi, akatoa yote bila kinyongo. Swila ni Shangazi. Huyo hukunja uso kabla hujamsalimia, na safari hii alitoa matone ya kuhesabika kama anatoa mchango wa harusi ya mtu asiyempenda.

Vyombo nimeviangalia mwenyewe. Kawaida glasi tunazichemsha kwa maji ya tangi na inatosha. Lakini tangi limeingia tope tangu mvua zianze, na sikutaka tope liguse kitu cha Mama. Glasi ya Shangazi ilikuwa imeshachemshwa tangu zamani, maji yakiwa bado safi. Ya Diwani nimeiloweka kwenye dawa kali tuliyonayo hapa, nikaiacha ikauke yenyewe. Hata hao madaktari wako hawana glasi safi kama ile.

Kuhusu kuja, mwenzangu ameenda kumuuguza mkewe. Mkamuaji nimebaki mimi peke yangu. Akirudi tu, nakuja.

Mpe Mama salamu. Mwambie nakula.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Boksi lilifika na barafu yake. Nilitoboa matundu kwenye jeli anamoota fangasi wa Mama, nikaweka sumu ya kifutu kwenye tundu moja, ya swila kwenye jingine, na maji matupu kwenye la mwisho ili tuwe na cha kulinganisha. Nikafunika nikaweka kwenye kabati la joto.

Leo asubuhi nimefungua. Penye maji ameota mpaka ukingoni. Penye swila vilevile, au pengine amepungua kidogo, sina uhakika. Penye kifutu pana duara safi kubwa kuliko kizibo cha chupa. Hakuna hata unywele ndani yake. Profesa alivua miwani, akaivaa, akaniita binti yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi nililitazama lile duara nikasubiri furaha ije. Haikuja. Nikaenda kunywa chai.

Sasa nisikilize vizuri. Sumu hiyohiyo niliitia kwenye damu, na chembe za damu zikapasuka zote. Sumu ni mchanganyiko wa vitu vingi. Kazi ya Profesa ni kutafuta humo kipande kimoja kidogo kinachotoboa ukuta wa fangasi na kuziacha chembe za mtu salama, na hiyo ni kazi ya miaka. Si dawa ya Mama. Rudia kuisoma hiyo sentensi.

Tutahitaji sumu nyingine ya Diwani ili tuone kama jibu litakuwa lilelile. Ulete mwenyewe ukiweza. Mama anatazama mlango kila ukifunguka.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Diwani na nikampa pongezi. Hakuonyesha kujali, ndiyo kawaida ya viongozi. Nimemwambia mpishi, nimemwambia mlinzi, hata yule anayetuletea panya wa kulisha nyoka sasa anajua kwamba kifutu wangu ameua fangasi wa mama yangu. Jana amenipa panya wa ziada kwa ajili ya Diwani, wa bure.

Nimeirudia ile sentensi kama ulivyoniagiza. Nimeielewa. Lakini Dada, ninyi watu wa maabara mnapenda kusema miaka. Mtu akiumwa sana mambo huharakishwa, nimewahi kusikia. Na mwambieni daktari aache hiyo dawa inayomtetemesha. Kwa nini ateseke na Diwani ameshajibu?

Unasema nije. Nikija nitakaa kwenye benchi, nimtazame anavyotetemeka, nishindwe. Unanijua. Baba alipokuwa anaumwa nilikuwa natoka kila saa kwenda dukani kununua vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Naogopa, Dada. Huku angalau mikono yangu inafanya kitu kwa ajili yake. Nyoka akishakamuliwa anahitaji kupumzika kwanza, kwa hiyo Diwani nitamkamua tena baada ya siku chache, na nitakutumia kila tone.

Mdogo wako mwenye nyoka mashuhuri


26 Machi

Mziwanda wangu,

Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Dada yako anadhani nakuhimiza kuhusu hiyo sumu. Bahasha nimeibandika gundi ya nesi, dada yako asije akaifungua.

Nasikia una nyoka anaitwa Diwani na mwingine Shangazi. Wana bahati, wanakuona kila siku.

Daktari ameniambia ukweli, nilimlazimisha. Dada yako naye nilimuuliza habari za kisahani, akanieleza taratibu kama mwalimu, nikaelewa. Ni kazi nzuri. Itamponya mtu, sijui nani, sijui lini. Mimi sitakuwepo. Wala sina kinyongo. Miaka yote nimeshona nguo za sherehe ambazo sikualikwa, nimezoea.

Tatizo langu ni huyu dada yako. Ananikanda miguu, ananinywesha supu, anajua kila kidonge na saa yake, hajakosea hata kimoja, lakini ukimtazama usoni hamna mtu. Nikimwambia pumzika, anasema ndiyo Mama, kisha anakunja mashuka. Nawaogopea ninyi wawili kuliko ninavyojiogopea mimi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukimchekesha mpaka chai inamtokea puani. Njoo umchekeshe. Mimi nitawasikiliza nikiwa nimelala.

Usilete sumu wala kitu chochote. Njoo.

Mama yako


30 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwandiko wako ni mzuri, mlima ni mdogo tu, nimeupanda.

Nakuja, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Leo nimemkamua Diwani mara ya pili, na ametoa nyingi kuliko mwanzo. Wewe unasema hutakuwepo, mimi nasema utakuwepo. Ubishi huu umenirithisha mwenyewe, acha niutumie. Nivumilie kidogo tu. Mwenzangu akirudi, hata mkoba sifungi, napanda gari.

Dada nitamchekesha. Mwambie anitunzie chai.

Mziwanda wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Sumu ya pili haikufanya kitu. Fangasi ameota juu yake kana kwamba nimemwekea maji. Nilidhani nimekosea mimi, nikarudia. Profesa naye akarudia kwa mkono wake kabla hajasafiri. Hakuna duara.

Kuna kitu umefanya tofauti. Nyoka ni yuleyule? Alikula nini? Glasi uliishikaje, uliioshaje, sumu ilikaa wapi kabla ya kuingia kwenye barafu? Niandikie kila kitu, hata unachokiona cha kijinga.

Ile dawa ya mshipa wameisimamisha. Figo zimechoka. Mama hatetemeki tena, analala muda mrefu. Nikimwamsha ale, ananiangalia kwanza kama anayetafuta jina langu, kisha anatabasamu.

Nilipotoka hospitali jana nilipitiliza nyumba yangu. Nilifika mwisho wa barabara ndipo nikagundua.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Nyoka ni yuleyule, namjua kama mfuko wangu. Panya ni walewale. Barafu ileile. Nimekaa nikafikiri sana, na nimepata tofauti moja tu.

Safari hii tangi lilikuwa limeshasafishwa, kwa hiyo glasi niliichemsha kwa maji kama siku zote. Mara ya kwanza, kama nilivyokuandikia, niliiloweka kwenye dawa kali. Ni ile ya vizimba, nyeupe kama maziwa, tunayowapulizia nyoka wakiota fangasi kwenye magamba majira ya mvua. Niliiloweka, nikaitoa, na sikuisuuza kwa sababu ya lile tope. Ikakauka hivyohivyo.

Kwa hiyo mimi naona glasi ya kwanza ndiyo iliyokuwa safi, na hii ya pili maji ya tangi yameharibu nguvu ya sumu. Wewe ndiye msomi, lakini naona ndivyo. Nikimkamua tena nitailoweka kama mwanzo, na utaona duara lako limerudi.

Nimefurahi sana kusikia Mama hatetemeki tena. Nilikwambia ile dawa ni mbaya.

Mdogo wako


14 Aprili

Profesa,

Naiacha barua hii mezani kwako uikute ukirudi safari. Naomba usimwambie mtu yeyote habari za lile duara la kifutu.

Nilimwomba dereva aniletee kidogo ya dawa wanayopulizia vizimba kule kwa nyoka. Ni dawa ya fangasi. Niliiweka peke yake, bila sumu yoyote, kwenye kisahani cha fangasi wa mama yangu, nikapata duara lilelile, ukubwa uleule. Ndugu yangu aliloweka glasi kwenye dawa hiyo, akaogopa kuisuuza kwa maji machafu kwa sababu alijua ni ya Mama. Tulichokiona kwenye kisahani ni mabaki ya dawa ya vizimba. Na dawa hiyo haiwezi kuingia mwilini mwa mtu, kama unavyojua.

Yeye hajajua. Ameliamini duara hilo kuliko kitu kingine chochote. Naomba nimwambie mwenyewe, kwa wakati wangu.

Nimeanza kurudia sumu ya swila, kwa sababu glasi yake ilikuwa imechemshwa. Nitakujulisha.

Msaidizi wako wa maabara


15 Aprili

Mdogo wangu,

Asante kwa maelezo yako. Nimeyaelewa yote.

Sumu yako ni nzuri na tunayo ya kutosha, friji imejaa. Usikamue tena na usiloweke kitu. Umefanya kazi yako vizuri na imekwisha.

Mama ametoka hospitali. Yuko kwangu, nimempa chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha. Anakuulizia kila akiamka. Njoo na gari hilihili linaloleta barua hii.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Dereva anapiga honi nje, naandika nimesimama.

Ametoka hospitali! Hilo ndilo ungelianza nalo, wewe unaanza na friji. Nimemkumbatia mpishi, na mpishi wetu si mtu wa kukumbatiwa. Mwambie Mama nilimwambia. Mwambie ubishi wa kwake umeshinda.

Sasa kwa kuwa yuko nyumbani na sumu ipo, moyo wangu umetulia, na naona si vizuri kuondoka na kuacha vizimba bila mtu. Mwenzangu ameandika kwamba atarudi mwisho wa mwezi. Kufikia hapo Diwani naye atakuwa amepumzika, nimkamue mara moja ya mwisho, nije nayo mkononi na nikae kwenu mpaka mnichoke. Mama akiwa na nguvu kidogo tutaongea vizuri zaidi, kuliko nije sasa hivi nimkute bado amechoka na safari ya hospitali.

Kwa mara ya kwanza tangu uniandikie habari za fangasi, jana niliimba nikifagia. Shangazi alinitemea mate.

Mdogo wako


23 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva huyu hakufuata sumu. Panda gari.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Nilifika salama. Mwenzangu amerudi. Nyoka wazima.

Sikutaka kusema haya pale kwako watu wakiwa wamejaa, na uliponisindikiza kwenye gari nilijifanya nimelala. Siku ya mazishi Profesa alinishika mkono akanipa pole. Kisha akaniambia nisijilaumu kwa ile glasi, kwamba makosa kama hayo hutokea hata kwenye maabara kubwa. Nikamuuliza, glasi gani? Akanitazama, akaona amekosea, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni. Nilimfuata mpaka barabarani akanieleza yote.

Ulijua. Ulijua kwamba ni dawa ya vizimba, ukachukua kalamu ukaniandikia kwamba sumu ni nzuri na friji imejaa. Ukaandika Mama ametoka hospitali, hukuandika kwamba ametoka kwa sababu hakuna tena cha kumfanyia. Mimi huku nikawa nampigia Diwani mluzi, nikisubiri apumzike. Nikaimba. Ungeniandikia mstari mmoja wa kweli ningekuja kwa miguu.

Ulimwosha, ulimvisha, ulipokea wageni, ulihesabu viti, na hukutoa hata chozi. Nilikutazama nikafikiri labda wewe ndiye mwenye damu baridi, si hawa ninaowafuga.

Sumu situmi tena. Boksi litakuja tupu.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Boksi limekuja tupu kama ulivyosema. Nililifungua hata hivyo, nikatoa barafu, nikaifuta ndani.

Nilikudanganya ili uje. Nilifikiri nikikwambia ukweli kuhusu glasi utaona aibu, utajifungia na hao nyoka na hutakuja kabisa. Nikafikiri nikisema kazi imekwisha, hutakuwa na sababu ya kubaki. Nilikosea. Habari ya Mama kutoka hospitali niliiandika kama ilivyo, nikiamini utaelewa. Sikuwa na nguvu ya kuandika zaidi ya hapo. Ukinichukia sitakulaumu. Mimi mwenyewe nimejaribu kujichukia, na hata hilo halishiki.

Siku ile ya mwisho Mama alikuulizia asubuhi. Nilimwambia uko njiani. Akasema, "Basi asikimbize gari." Mchana hakuuliza tena.

Kuna jambo la kazi, nalo nakwambia kwa sababu ni haki yako. Sumu ya Shangazi ina kitu. Duara lake ni dogo, hafifu, ukiwa na haraka unalipita, lakini linarudi kila tukirudia, na kwa kipimo hicho damu haikupasuka. Mwanzoni hatukulijali kwa kuwa tulikuwa tunashangilia lile kubwa la uongo. Profesa anasema itachukua miaka, na ninamwamini. Akitaka sumu nyingine atawaandikia wengine, sitakusumbua.

Jambo jingine si la kazi. Fangasi wa Mama bado yu hai. Kila wiki namchota kidogo namhamishia kwenye kisahani kipya, la sivyo atakufa njaa. Profesa ana fangasi wengine wa kutosha, na juzi aliniambia kwa upole kwamba huyu si vizuri nimtunze mimi, nimtie kwenye mashine ya kuchemshia vijidudu, afe, kisha nimtupe. Nilikubali. Nilikibeba kisahani mpaka kwenye mashine, nikafungua mlango wake, nikasimama.

Ndiye aliyemuua. Na ndiye kiumbe pekee aliyetoka mwilini mwa Mama ambaye bado anaishi, ukituondoa wewe na mimi.

Nikakirudisha kwenye kabati la joto. Kisha nikakaa sakafuni na machozi yakaja, yote kwa pamoja, na sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka mfagiaji akaniletea kiti na akaondoka bila kuuliza. Tangu siku hiyo nasikia kila kitu. Nasikia uchungu nikivaa viatu. Profesa anasubiri nimjibu, na kisahani kipo. Sijui nifanyeje.

Dada yako


Leo

Dada,

Funguo za vizimba nimempa mwenzangu. Aliniambia nimsubiri amalize chai, nikakataa.

Hasira nawe bado ninayo. Nilidhani njiani itapungua, haikupungua, basi nimekuja nayo. Lakini kuna kitu nilikiruka kwenye barua yangu, na sitaki ukae nacho peke yako. Mama aliniandikia kwa mkono wake. Yeye hakunidanganya hata neno moja. Aliniambia hataishi, akaniambia njoo, usilete kitu. Nikaisoma barua ile, nikaikunja vizuri, nikaenda kukamua. Wewe ulinidanganya mwishoni, mimi nilikuwa nimeshachagua nyoka tangu mwanzo. Niliposema ningekuja kwa miguu, nilisema uongo. Nilikuwa na ukweli mfukoni na sikuja.

Na lile neno la damu baridi nalifuta. Nilikuwa natafuta mtu wa kumrushia.

Fangasi huyo usimchemshe peke yako. Tutaenda wote wawili. Mimi nitabeba kisahani na wewe utafungua mashine, au wewe utabeba na mimi nitafungua. Tukifika pale tukashindwa, tutamrudisha kwenye joto, tutajaribu wiki ijayo. Sina mahali pengine pa kwenda.

Barua hii nimeiandika ndani ya gari, kwa sababu najijua, nikiuona uso wako sitasema hata moja kati ya haya. Nimeipitisha chini ya mlango wako. Nipo hapa nje nimesimama. Fungua.

Mdogo wako